Roboti Amefika au Imefika? Hadithi ya Kisayansi katika Darasa la Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Hadithi ya kisayansi haijapata kiti cha kudumu katika darasa letu la fasihi ya Kiswahili. Ikitajwa, hutajwa pembeni, pamoja na riwaya za upelelezi na vijitabu vya mahaba, chini ya kichwa cha fasihi pendwa. Ikifundishwa, hufundishwa kwa namna inayoipokonya sayansi yake na kuiacha ikiwa fumbo la kisiasa tu. Makala haya yanatoa maoni juu ya hali hiyo kutoka upande wa isimu. Hoja yake ya msingi ni kwamba mwanafunzi hujifunza kuithamini hadithi ya kisayansi pale anapozoezwa kuisoma kama ilivyosemwa kabla ya kuifasiri. Na kwamba sarufi ya Kiswahili, ambayo tumeifungia katika chumba kingine na kuwaachia wanaisimu ufunguo wake, inaweza kuwa msaada mkubwa wa usomaji huo.

Ili mjadala usielee hewani, tumweke mbele yetu msomaji mmoja mahususi. Huyu ni mwanafunzi aliyezaliwa na kukulia Kisaka, mkoani Mara, katika ukanda wa wilaya za Serengeti na Tarime, kisha akafika chuo kikuu kusoma Kiswahili. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mazingira yake ni mazingira anayoyafahamu mwandishi wa makala haya. Pili, ni msomaji ambaye wengi wangedhani yuko mbali kabisa na hadithi za roboti na sayari. Dhana hiyo, kama tutakavyoonyesha, haina msingi.

2. Mwanafunzi na lugha zake tatu

Mtoto wa Kisaka aghalabu hukua akisema Kingoreme nyumbani, au Kikuria ikiwa wazazi wake wametoka upande wa Tarime. Kwa lugha hiyo hujifunza majina ya nyasi, maradhi ya ng'ombe na dalili za mvua. Anapoingia darasa la kwanza katika shule ya serikali, hukipokea Kiswahili kama lugha ya kufundishiwa, na kwa miaka yote ya elimu ya msingi huisoma sayansi kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, sayansi hiyo hiyo humgeukia kwa Kiingereza. Akichagua baadaye mchepuo wa sanaa, ambamo kwa miaka mingi Kiswahili kimeandamana na Historia, Jiografia au Kiingereza, sayansi huiaga kabisa.

Hivyo ndivyo anavyotufikia chuoni: ubunifu wake umo katika Kiswahili, sayansi aliyobaki nayo imo katika Kiingereza, na ujuzi wake wa kwanza wa maumbile umo katika lugha ya mama. Hakuna somo lolote ambalo limewahi kumtaka aviunganishe vitu hivyo vitatu katika sentensi moja. Hadithi ya kisayansi ingeweza kumtaka afanye hivyo. Hapo ndipo ilipo thamani yake kielimu, na hapo ndipo inapopatikana hasara ya kuiacha nje ya mlango.

Kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi si jibu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla ya wengi wa wanafunzi wetu wa leo kuzaliwa. Istilahi zilikuwapo, kilichopungua ni mahali pa kuzitumia. Istilahi isiyosimuliwa hubaki kamusini kama jembe jipya lililotundikwa ukutani.

Wala si kweli kwamba mwanafunzi huyu ni mgeni wa mashine. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo wilaya yake inapakana nayo, watafiti walianza mwaka 2010 kutega kamera 225 zinazojipiga picha mnyama anapopita. Picha hizo zilitambuliwa kwanza na watu wa kujitolea kutoka pande nyingi za dunia. Na mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambamo kompyuta ilifunzwa kwa picha milioni 3.2 kutoka Serengeti, ikaweza kuwatambua wanyama, kuwahesabu na kueleza wanachokifanya. Upande wa Tarime, huko Nyamongo, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002 mahali ambapo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kwa sururu na nyundo. Mtu aliyekua kati ya kamera inayomtambua nyumbu na magari yanayobeba mlima kipande kwa kipande hahitaji kufundishwa kushangaa. Anahitaji kufundishwa namna ya kuusimulia mshangao huo kwa utaratibu.

3. Mazoea ya kufumbua fumbo

Kikwazo halisi kimo katika mazoea ya usomaji. Tangu sekondari mwanafunzi huzoezwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, kisha kuyakamua maudhui hadi yatoe dhamira na ujumbe. Njia hii ina manufaa yake. Imewawezesha wengi kuona uhusiano wa fasihi na jamii. Lakini inapokutana na dunia ya kubuni, hukimbilia swali moja: hii ni nchi gani hasa? Swali likishajibiwa, dunia yenyewe hutupwa kama kumbi la muwa.

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), kitabu ambacho takribani kila mwanafunzi wetu anakifahamu. Nchi inaelea angani. Wajumbe sita wametumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Karama anasimama kizimbani. Darasa husema haraka kwamba hiyo ni Tanganyika chini ya ukoloni, na ufasiri huo una nguvu ambayo hatuna haja ya kuipinga. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza nchi hiyo imeshikiliwa na nini, au mjumbe aliyetumwa ardhini alishukaje na akarudije. Maswali hayo huonekana ya kitoto. Hata hivyo ndiyo maswali ambayo hadithi ya kisayansi humtaka msomaji wake ayaulize, na ambayo huahidi kuyajibu.

Shaaban Robert hakuandika hadithi ya kisayansi, na si lazima tumvike kilemba hicho. Alichotuachia ni kitu cha thamani kwa mwanaisimu: majina. Kusadikika, na baadaye Kufikirika (1967), yote mawili yameundwa kwa kiambishi cha mnyambuliko -ik-. Katika vitenzi hivi kiambishi hicho hakidai kwamba jambo limesadikiwa au limefikiriwa. Kinadai kwamba jambo lina uwezo wa kusadikiwa na kufikiriwa. Mnamo mwaka 1979 mhakiki Darko Suvin aliifafanua hadithi ya kisayansi kuwa ni fasihi inayoufanya ulimwengu uliozoeleka uonekane mgeni, lakini kwa njia ambayo akili inaweza kuifuata hatua kwa hatua. Mwalimu anayetaka kuifundisha dhana hiyo kwa Kiswahili anaweza kuanzia na -ik-, kwa kuwa mwanafunzi tayari anayo mdomoni.

Mfano ulio karibu zaidi na utanzu wenyewe ni Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo, aliyehukumiwa kifo na utawala dhalimu, anarushwa angani katika chombo; badala ya kuangamia, anafika Walenisi, kwenye jamii iliyojengwa juu ya usawa. Jina la riwaya ni sentensi kamili iliyounganishwa: wale ni sisi. Darasa likishaigundua sentensi hiyo, kazi huonekana imekwisha. Chombo, safari na hatari yake, na utaratibu wa maisha huko ugenini hupewa mistari miwili katika muhtasari, kana kwamba mwandishi aliviweka ili kupita wakaguzi. Sisi tunaona vinginevyo. Ili "wale" wawe "sisi", ni lazima kwanza wawe wale. Msomaji asiyeusafiri umbali huo kwa uzito wake wote hana mahali pa kurudi kutoka. Ujumbe anaoupata ni ule aliokuwa nao kabla ya kufungua kitabu.

Hali kadhalika huzipata Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991) na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002). Wahakiki wamezisoma kwa jicho la falsafa, la uhalisiajabu na la utandawazi, na wamechuma mengi. Swali la kiteknolojia, yaani ni nguvu zipi za kibinadamu zinazoweza kuifikisha dunia katika maangamizi na kwa njia gani, hubaki kando kama jambo lisilohusu fasihi.

4. Sarufi inapouliza swali la hadithi

Ikiwa tunataka mwanafunzi aisome dunia ya kubuni kama ilivyosemwa, tuanze na yale ambayo lugha yenyewe inamlazimisha ayaamue. Msomaji na ajaribu kujaza kiambishi cha upatanisho katika sentensi zifuatazo:

Roboti __mefungua mlango.
Roboti __mekosea hesabu.
Roboti __mechoka.
Roboti __meomba ruhusa ya kwenda kumzika fundi aliye__unda.

Wasemaji wengi wataanza na i-: imefungua, imekosea. Sentensi ya tatu huwasitisha. Ya nne huwagawa. Atakayeandika "ameomba" na "aliyemuunda" amekwisha kutoa hukumu ambayo wanafalsafa wanaijadili kwa vitabu vizima. Na atakayeshikilia "imeomba" na "aliyeiunda" ametoa hukumu ya kinyume. Ni sentensi chache za Kiswahili zenye kitenzi cha kawaida zinazomruhusu msimulizi kunyamaza. Kiingereza nacho kina viwakilishi vya kuchagua, lakini mwandishi wake anaweza kurudia nomino na kulikwepa suala kwa kurasa nyingi. Katika Kiswahili, karibu kila kitenzi, vivumishi vingi na kila kirejeshi humdai msimulizi jibu upya.

Upatanisho wa A-WA tumezoea kuufundisha kama kanuni ya viumbe hai. Kanuni hiyo ni pana kuliko maelezo yake. Mti una uhai, lakini haupatani kwa A-WA. Malaika hana mwili wa kibiolojia, lakini hupatana hivyo. Kifaru na kipofu huiacha KI-VI kwa sababu ya uhai wao, ilhali jeshi, lililojaa watu, hubaki katika LI-YA. Maiti huwayumbisha wasemaji: wengine husema imezikwa, wengine amezikwa, na kila upande una hisia yake juu ya kilichobaki pale mtu anapofariki. Kwa hiyo sarufi haipimi mapigo ya moyo. Inapima kitu kilicho karibu na utashi, na mipaka yake haijafungwa.

Tazama pia lugha ya ofisini na dukani. Husemwa kwamba mashine imegoma, mtandao umekataa, kompyuta imeniambia nisubiri. Vitenzi ni vya utashi, upatanisho ni wa vitu. Wasemaji wa kawaida wameshaingia katika eneo la hadithi ya kisayansi bila kutangaza, na wameweka mpaka wao: mashine inaweza kukataa, ila bado haijawa "yeye".

Mpaka huu ni wa kale kuliko kompyuta. Methali husema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Zimwi la ngano zetu huzungumza, hupanga njama, huoa, hukumbuka deni, hata methali yenyewe inalipa ujuzi na huruma ya kiasi. Pamoja na hayo, linapatanishwa kwa LI-. Mapokeo yalikuwa tayari na nafasi ya kisarufi kwa kiumbe mwenye akili ambaye jamii haikumpa utu. Mwanafunzi wetu wa Kisaka, aliyelelewa kwa ngano za mazimwi, anapolikuta roboti katika hadithi hakutani na swali jipya. Anakutana na swali la zamani lililobadilisha mavazi.

Yupo na mtumwa. Neno roboti lilienea duniani kutokana na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki robota, lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ambayo sisi tumeiita shokoa. Katika pwani yetu mtumwa aliuzwa sokoni kama mali, lakini sarufi haikukubali kumtoa katika M-WA: mtumwa aliuzwa, kamwe haikuwa "iliuzwa". Sheria ilimnyima mtu kile ambacho kiambishi kilimwachia. Mwanafunzi aliyeliona hilo atasoma hadithi yoyote ya roboti kwa makini zaidi, na ataisoma historia yake mwenyewe vivyo hivyo.

Kwa mwanafunzi wa bara lipo jambo jingine. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara, wanyama waliomo katika ngeli ya ng'ombe na mbuzi hupatana kwa ngeli hiyo, bila kuhamishiwa kwa watu. Ndiyo maana husikika Kiswahili cha "mbwa imeniuma", na mwalimu hukichora kwa wino mwekundu. Ni wajibu wake kufunza lugha sanifu. Lakini katika darasa la fasihi tofauti hiyo ni hazina. Inamwonyesha mwanafunzi kwamba mstari kati ya "yeye" na "hiyo" huchorwa na kila lugha mahali pake, na kwamba mwandishi wa hadithi ya kisayansi ni mtu anayeusogeza mstari huo makusudi. Mary Shelley alipochapisha Frankenstein mwaka 1818, hakumpa jina kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi wake. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kumpatanisha kwa LI- pale muumbaji wake anapomlaani, na kwa A- pale anapoanza kujisimulia mwenyewe. Kwa mabadiliko ya silabi moja angetoa uhakiki kamili wa riwaya.

5. Utabiri na usimulizi

Eneo la pili ni viambishi vya wakati. Wapo wanaodhani hadithi ya kisayansi ni utabiri, na hivyo huihukumu kwa kuuliza kama yaliyosemwa yametimia. Mwanafunzi wa kutoka Mara anaujua utabiri kama taasisi; mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliandika mwaka 1991 juu ya watabiri wa Wakuria. Mtabiri husema kwa -ta-: watakuja, itatokea. Anamtaka msikilizaji aamini na ajiandae.

Hadithi ya kisayansi hufanya kazi kwa viambishi vingine. Msingi wake ni -nge- iliyofichwa: mashine ingekuwa na majonzi, ingekuwaje? Juu ya msingi huo msimulizi hujenga kwa -li- na -ka-, viambishi vya mambo yaliyokwisha kutendeka: roboti aliamka, akatazama nje, akaona mji hauna watu. Jambo ambalo halijatukia husimuliwa kana kwamba limepita. Msikilizaji hatakiwi kuamini. Anatakiwa kukubali sharti na kufuatilia matokeo yake kwa uaminifu. Huo ni utaratibu ule ule wa mwanasayansi anapoweka dhanio. Mwanafunzi aliyeachana na maabara tangu kidato cha nne anaweza kuupata tena kupitia -nge- na -ka-, katika lugha anayoimudu.

6. Pingamizi mbili

Yamkini msomaji atasema kwamba utanzu huu ni wa kigeni, na kwamba kijiji kinachosumbuliwa na bei ya mazao na ubovu wa barabara kinastahili uhalisia kwanza. Pingamizi hili lina heshima yake. Lakini riwaya yenyewe ilitujia kwa mlango huo huo wa ugeni, na hakuna anayependekeza irudishwe. Tena, mashine zilizotajwa hapo juu hazikusubiri fasihi iwe tayari. Programu zinazojibu maswali kwa Kiswahili zimo katika simu za wanafunzi wetu, na wataalamu bado wanasema akili unde huku wengine wakisema akili mnemba. Kuwaachia wengine kazi ya kuyafikiria matokeo ya vitu hivi, kisha sisi tusubiri tafsiri, ni aina ya uhalisia isiyoona mbali.

Pingamizi la pili ni la kitaaluma: kwamba tukiyaingiza mazimwi na Kusadikika katika mjadala, tutaufanya utanzu uwe gunia la kila kitu. Hapa tunakubaliana na mpinzani wetu. Zimwi halidaiwi maelezo. Lipo kwa sababu ngano inasema lipo. Roboti hudaiwa. Hadithi ya kisayansi ni lazima iweze kujibu, hata kwa ufupi, kitu kimewezekanaje na kinagharimu nini. Ngano na riwaya za kisitiari ni maandalizi ya usomaji huo, na tofauti yao na utanzu wenyewe ifundishwe waziwazi.

7. Hitimisho

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, katika kozi za riwaya, Walenisi isomwe sambamba na Kusadikika, na kikao cha kwanza kiwe cha maswali ya dunia yenyewe tu: inaendeshwaje, nani anafanya kazi gani, kitu gani hakiwezekani humo. Ufasiri wa kisitiari usubiri kikao cha pili. Pili, kozi ya mofolojia na kozi ya uhakiki zishirikiane katika zoezi la upatanisho kama lile tulilolionyesha, kwa matini zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe. Tatu, wanafunzi wa uzamili wapewe kufasiri hadithi fupi za kisayansi, na watakiwe kutetea kila a-, i- na li- waliyoiweka. Nne, mwanafunzi aruhusiwe kuleta ngano na istilahi za kwao, za Kingoreme, Kikuria au lugha nyingine yoyote, kama malighafi ya kubunia, badala ya kuziacha langoni mwa chuo.

Hakuna katika haya linalohitaji fedha nyingi wala idhini ya mbali. Mengi yanaweza kuanza muhula ujao. Mwanafunzi wa Kisaka ataingia darasani akiwa na kamera ya Serengeti, mgodi wa Nyamongo, zimwi la bibi yake na sarufi inayomtaka aamue nani ni mtu. Utanzu unaoweza kuvitumia vyote kwa pamoja tunao tayari katika Kiswahili, ingawa vitabu vyake bado ni vichache. Vitaongezeka vikipata wasomaji wanaojua kuvisoma, na kuwatoa wasomaji hao ni kazi ya darasa la fasihi.